Vijana 64, kiwanja kimoja, mipira 8: tufanyeje michezo iwajenge vijana na mtaa uungane?

Mwanzo_Mpya

Habari zenu wadau. Naomba ushauri kwa wanaojua kuendesha michezo ya vijana mtaani. Siongelei timu ya kusaka ubingwa. Naongelea michezo ya kuwajenga vijana na kuwaleta majirani pamoja.

Tulicho nacho: kiwanja cha wazi cha mita 100 kwa 60, mipira 8, vizibao vya rangi mbili, watu wazima 5 wa kujitolea na vijana 64 waliojiandikisha. Vijana 32 wana miaka 10 hadi 13, kati yao wasichana 13. Wengine 32 wana miaka 14 hadi 17, na humo wasichana ni 5 tu.

Utaratibu wa hapa ni kombe la mtoano mara mbili kwa mwaka. Siku ya fainali watu wanafurika, halafu baada ya wiki mbili kiwanja kinabaki na walewale wenye vipaji. Wasichana wakifika miaka 13 au 14 hawaonekani tena. Wazazi wengi wanaona ni kupoteza muda. Na vijana wa mitaa miwili inayopakana wakikutana, mechi inaishia kwenye kutunishiana misuli.

Tuanzie wapi? Ratiba iweje, usalama tuusimamie vipi bila bajeti kubwa, na tutajuaje kama tunafanikiwa?

Benchi_la_Ufundi

Ndugu, anza kwa kuachana na mtoano. Timu 8 zikiingia kwenye mtoano, mechi zote ni 7, na timu 4 zinaaga baada ya mechi moja tu. Nusu ya vijana wako wanageuka watazamaji siku ya kwanza, na wanaotoka mapema ndio hasa mnaowatafuta: wadogo, wageni, wasiojiamini. Mwenye kipaji anacheza mechi tatu, asiye nacho anacheza moja, kisha tunashangaa mbona hakurudi.

Fanyeni ligi ya viwanja vidogo. Kiwanja chenu kinatoa viwanja vinne vya mita 40 kwa 25. Kwa urefu mna 40 na 40, mita 10 katikati na mita 5 kila mwisho. Kwa upana mna 25 na 25, mita 4 katikati na mita 3 kila pembeni. Chora kwa chokaa au panga koni. Ile njia ya mita 4 isikae mtu wala begi, maana wachezaji wanatoka humo kwa kasi bila kuangalia. Goli liwe koni mbili zilizoachana mita 3.

Kila kundi la umri lipate timu 4 za watu 8, na uwanjani waingie 5 kwa 5. Mechi iwe vipindi viwili vya dakika 12 na mapumziko ya dakika 4. Timu zote 8 zinacheza kwa wakati mmoja, na ndani ya nusu saa kila mtu ameshagusa mpira.

Wekeni sheria moja isiyopindishwa: kila aliyefika anacheza angalau kipindi kimoja kizima. Hesabu inakubali. Vipindi viwili vya watu 5 ni nafasi 10, wachezaji ni 8, kwa hiyo wawili tu ndio wanaocheza vyote viwili. Hao wawili wabadilike kila wiki na majina yaandikwe. Msipoandika, wiki ya tatu mtakuta ni walewale wafungaji.

Ratiba ya timu nne ni nyepesi. Wiki ya kwanza: 1 na 4, 2 na 3. Ya pili: 1 na 3, 4 na 2. Ya tatu: 1 na 2, 3 na 4. Rudieni mzunguko huo mara tatu mpate wiki 9. Baada ya hapo vunjeni timu zote na kuzipanga upya. Msipozivunja, timu dhaifu inabaki dhaifu mwaka mzima na watu wake wanaondoka mmoja mmoja.

Kupanga timu ni kazi ya makocha, tena ifanyike mezani. Ule mtindo wa manahodha wawili kusimama na kuchagua mbele ya watu uacheni kabisa, maana anayebaki wa mwisho anaijua aibu ile na haji tena. Wagaweni wachezaji katika viwango vitatu, kisha kila timu ichukue kutoka kila kiwango. Na hapa ndipo dawa ya ugomvi wa mitaa ilipo: msiwe kamwe na timu ya mtaa huu dhidi ya mtaa ule. Kila timu iwe na watu wa mitaa yote miwili, wavae kizibao kimoja na watafute goli moja. Mkipanga mtaa dhidi ya mtaa mnakuwa mmewachorea mstari wa vita kwa chokaa.

Mazoezi yawe siku tofauti kwa kila kundi. Vijana 32 na mipira 8 ni watu 4 kwa mpira mmoja, hapo kila mtu anafanya kazi. Mkiwaita wote 64 siku moja mnapata foleni, na kwenye foleni ndiko watoto wanakoanza kusukumana. Dakika 75 zinatosha: 15 za kupasha mwili, 20 za ufundi (watatu wanapasiana, mmoja anakaba katikati), 30 za mchezo, 10 za kukaa chini na kuzungumza.

Siku na saa visibadilike. Kuna mbio za parkrun zilizoanza mwaka 2004 katika bustani ya Bushy Park, London, zikiwa na wakimbiaji 13. Leo zimeenea nchi nyingi, na utaratibu wake hauna siri kubwa: kilomita 5, bure, kila Jumamosi asubuhi, na kazi zote zinafanywa na watu wa kujitolea. Kijana asiye na uhakika kama leo kuna mazoezi atakuja mara mbili, akikuta kiwanja kitupu hatakuja ya tatu.

Filimbi

Naongezea alipoishia Benchi la Ufundi, maana ligi peke yake haimpi kijana mamlaka. Mtoto anaweza kucheza misimu mitano bila kufanya uamuzi wowote unaomhusu mtu mwingine. Mkitaka wajengeke, wapeni kazi za kweli, kazi ambazo zisipofanyika mechi haichezwi.

Kwenye viwanja vinne kila mechi inahitaji mwamuzi, mtunza saa na mwandishi wa matokeo. Hizo ni nafasi 12 kwa wiki. Mechi za wadogo zichezeshwe na wakubwa. Sogezeni mechi za kundi moja zianze nusu saa baada ya lingine ili mwenye filimbi asiwe anacheza muda huohuo.

Kumfundisha mwamuzi mpya kunahitaji vikao vitatu vifupi. Cha kwanza, mpira ukitoka nani anarusha na wapi. Cha pili, rafu: kusukuma, kukwatua, kushika nguo, kunawa. Cha tatu, namna ya kupuliza: filimbi fupi kwa mpira uliotoka, ndefu na kali kwa rafu, kisha mkono unaonyesha upande kabla mdomo haujafunguka. Mwamuzi mchanga akianza na maneno anavutwa kwenye ubishi, akianza na mkono uamuzi umeshatoka. Mtu mzima asimame nyuma ya mstari, anyamaze hadi mapumziko, ndipo amwambie jambo moja tu la kurekebisha. Akimsahihisha mbele ya wachezaji, huyo kijana hana tena mamlaka siku hiyo.

Undeni pia kamati ya ligi ya vijana 5, wasichana wasipungue 2, muda wao msimu mmoja. Kazi yao ni ratiba, malalamiko, adhabu na vifaa. Watu wazima mshikilie mambo mawili tu, usalama na sahihi ya fedha. Kosa la kawaida ni kuunda kamati kisha wazee wakatengua uamuzi wake wa kwanza usiowapendeza. Kamati ikimfungia mfungaji bora mechi moja kwa kumtukana mwamuzi, afungiwe, hata kama ni wiki ya mwisho. Mtaa mzima utakuwa unaangalia hapo.

Mfano unaojulikana ni MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, kilichoanza mwaka 1987. Walifanya usafi wa mtaa kuwa sehemu ya ligi. Timu ikishiriki kusafisha inapata pointi zinazoingia kwenye msimamo uleule wa mechi, na isiyofika inazikosa. Vijana wenyewe ndio walioendesha ligi na kufundisha wenzao. Baadaye ilizaliwa timu ya Mathare United, ikachukua ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008. Ubingwa ulikuja juu ya msingi wa miaka mingi ya kazi ya mtaani.

Mkiiga hilo, kuweni makini. Kazi ya mtaa isizidi saa moja na nusu, iwe na glavu na reki za kutosha, isihusishe mitaro ya maji machafu wala vioo na sindano, na isitumike kamwe kama adhabu. Ukishamwambia aliyefanya fujo "nenda kaokote takataka", umewafundisha wote kwamba kuuhudumia mtaa ni fedheha.

Fedha: bandikeni ubaoni kila mwezi kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, kwa mwandiko wa kijana mweka hazina. Na mtu mwenye cheo akija na jezi zenye jina lake, kaeni kwanza mjadiliane. Zikipokelewa bila masharti kuandikwa, siku anakosana na mtaa nusu ya wazazi wanawaondoa watoto.

Netiboli_Daima

Nijibu la wasichana, kwa sababu mara nyingi linajibiwa kwa hotuba ya kuwahamasisha, wakati tatizo ni saa, njia, nguo na mpira kutowafikia.

Saa kwanza. Mazoezi yakiisha jua linazama, msichana wa miaka 14 ameshapoteza ruhusa. Yaishe dakika 45 kabla ya giza, na waondoke kwa makundi ya njia moja. Andikeni makundi hayo: nani anatembea na nani, nani anafika nyumbani wa mwisho. Huyo wa mwisho asiwe peke yake. Mzazi ukimwonyesha karatasi hiyo anaelewa kuliko ukimweleza faida za michezo kwa saa nzima.

Pili, choo na mahali pa kubadilishia nguo. Kama hakuna uwanjani, ongeeni na nyumba mbili za jirani zinazoaminika. Mkoba wa vifaa uwe na taulo za kike, na mtunza mkoba awe msichana, ili asiwepo wa kumwomba mwanamume. Bukta isiwe lazima. Anayetaka kucheza na suruali ndefu, sketi juu ya taitsi au hijabu iliyobana vizuri acheze. Angalieni tu pini, hereni na mikufu vitoke.

Tatu, mchezo wenyewe. Kwenye mpira wa mchanganyiko wavulana hupasiana wao kwa wao. Kuna wanaoweka sheria kwamba goli halihesabiki mpaka msichana ameugusa mpira kwenye lile shambulizi. Inasaidia mwanzoni, lakini isitumike msimu mzima, maana inageuka pasi ya kutimiza sheria kisha mpira unarudi kwa wavulana. Bora viwanja vidogo, timu ndogo, na mazoezi mengine ya wasichana peke yao.

Wasichana wakubwa 5 hawatoshi timu, lakini wanatosha kuongoza. Wawekeni pamoja na wale 13 wadogo siku moja ya wiki iwe yao. Jumla ni 18. Netiboli ina wachezaji 7 kila upande, kwa hiyo 14 wanacheza na 4 wanachezesha na kuandika, kisha wanabadilishana kila robo. Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, kinaingia ndani ya kimoja cha vile vinne vya mita 40 kwa 25. Pete inakaa mita 3.05 juu, wadogo washushieni. Mpira wa miguu namba 5 unakaribiana sana na wa netiboli kwa ukubwa na uzito, hivyo msisubiri kununua ndipo muanze.

Netiboli ina hatari yake. Sheria inamtaka mchezaji asimame ghafla baada ya kudaka, na hapo ndipo goti linapoumia. Wafundisheni kutua kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa na yameelekea vidole vya miguu, yasiingie ndani. Dakika 10 za zoezi hilo kila siku ya mazoezi si nyingi.

Kocha mwanamke awepo kila siku ya wasichana. Kama hayupo, mafunzo yapelekwe siku nyingine.

Mkoba_Mwekundu

Usalama usiwe mstari wa mwisho kwenye orodha yenu. Mtoto mmoja akiumizwa, kwa ajali au na mtu, mpango mzima unakufa, na unastahili kusimama hadi ijulikane kilichotokea.

Nianze na watu. Kila anayejitolea aandike jina, anwani na wadhamini wawili wanaomfahamu, na wadhamini waulizwe kweli. Hakuna mtu mzima kubaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana: si stoo ya vifaa, si garini, si nyumbani kwake. Ujumbe wa simu uende kwenye kundi la wazazi, kocha asimwandikie mtoto faragha. Watoto waonyeshwe watu wawili wa kuwaeleza wakitendewa vibaya, mmoja awe mwanamke, na wasiwe ndugu wa makocha. Tuhuma ya unyanyasaji haisikilizwi na kamati ya ligi wala haimalizwi kwa kupatanisha familia. Mtuhumiwa anasimamishwa siku hiyohiyo, taarifa inakwenda polisi au ustawi wa jamii.

Fomu ya kila mtoto iwe na umri, simu za watu wawili, na maradhi: pumu, kifafa, selimundu, moyo, mzio. Nakala iwepo uwanjani. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta, la sivyo siku hiyo anatunza saa.

Kupasha mwili msikufanye mchakamchaka wa kuzunguka kiwanja. Kuna programu ya FIFA 11+ kwa wachezaji wa miaka 14 na zaidi, inachukua kama dakika 20: mbio nyepesi dakika 8, nguvu na mizani dakika 10, mbio za kasi dakika 2. Kwenye utafiti mkubwa wa wasichana wachezaji wa Norwei uliochapishwa mwaka 2008, waliokuwa wakiifanya waliumia pungufu kwa takriban theluthi moja. Wadogo wana toleo lao. Ifanyike angalau mara mbili kwa wiki, na kwa usahihi. Kwenye zoezi la kuchuchumaa, kaa mbele ya kijana uangalie magoti kama yanakutana. Yakikutana, punguza kina cha kuchuchumaa kabla ya kuongeza idadi.

Kichwa kikigongwa na kijana akaduwaa, akasahau matokeo, akaona kizunguzungu, kichefuchefu au vitu viwiliviwili, anatoka na harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Apumzike siku moja hadi mbili kisha arudi kwa hatua, kila hatua isipungue saa 24: kutembea, mbio nyepesi, mazoezi ya mpira bila kugusana, na mechi mwisho kabisa baada ya daktari kuruhusu. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, shingo ikiuma au kiungo kikikosa nguvu, hiyo ni hospitali papo hapo.

Kifundo cha mguu kikiteguka: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, bandeji, mguu uinuliwe. Msichue. Kuchua kiungo kilichoumia muda huohuo kunaongeza uvimbe. Asipoweza kukanyaga hatua nne, apigwe picha ya eksirei.

Radi ikinguruma, wote watoke kiwanjani waingie kwenye jengo, si chini ya mti. Kurudi ni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya. Magoli ya chuma ya kuhamisha, siku mkiyapata, yafungwe ardhini kila mara na yasiachwe yamesimama wima bila kufungwa. Watoto wamekufa duniani kwa kuning'inia na kuangukiwa.

Mwisho, mipaka. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa tiba ya michezo ni kwamba saa za mazoezi yaliyopangwa kwa wiki zisizidi umri wa mtoto kwa miaka. Wa miaka 11 asizidi saa 11, pamoja na za shuleni. Wale wenye vipaji, ambao kila timu inawataka, ndio wanaovuka bila mtu kujumlisha.

Mwanzo_Mpya

Asanteni sana, nimeanza kuandika. Mambo mawili bado. Hata tukichanganya mitaa, wakubwa wana hasira za zamani, na mechi ya kwanza tu inaweza kuharibika. Na hilo la kupima: mfadhili mdogo aliyejitokeza anataka "takwimu za waliofikiwa". Pia mipira yetu inakufa haraka mno.

Filimbi

Kwa wakubwa, anzeni msimu na mfumo wa mpira wa vipindi vitatu. Mizizi yake iko Medellín, Kolombia, katikati ya miaka ya 1990, baada ya mauaji ya beki Andrés Escobar mwaka 1994. Jürgen Griesbeck na wenzake walianzisha mpira wa mtaani wa kuwakutanisha vijana wa maeneo yenye uhasama, timu zikichanganya wasichana na wavulana, na goli la kwanza la timu lilitakiwa lifungwe na msichana.

Kipindi cha kwanza ni mazungumzo ya dakika 10, timu mbili kwenye duara moja. Wanakubaliana sheria tatu za siku hiyo, kwa mfano: anayeangusha anamwinua aliyeanguka, hakuna kumzomea aliyekosa, mpira wa utata unarudi kwa golikipa. Cha pili ni mechi bila mwamuzi. Yupo mpatanishi pembeni, haamui rafu, anasimamisha tu wanaposhindwa kuelewana. Cha tatu wanarudi kwenye duara na kila timu inaipa nyingine pointi za uungwana kwa kueleza sababu. Mgao unaofaa: kushinda 3, sare 2, kufungwa 1, na uungwana 0 hadi 3. Kwa hesabu hiyo aliyefungwa kwa heshima anaweza kufikisha 4, aliyeshinda kwa matusi akabaki na 3.

Kinachoharibika ni duara la mwisho. Timu zinakubaliana kimyakimya kupeana 3 kila wiki. Mpatanishi adai mfano: "Tatu kwa lipi? Nani alifanya nini?" Bila tukio kutajwa, pointi haziandikwi. Na mpatanishi asitoke kwenye familia iliyohusika na ugomvi wa zamani. Tumieni vijana wa miaka 16 na 17, wawili wawili, mmoja kila mtaa.

Msitegemee mfumo huu uondoe uhasama wenye chanzo nje ya uwanja, kama ardhi au madeni. Hapo michezo inawapa vijana mahali pa kukutana, na wazee wana kazi yao ya kufanya.

Benchi_la_Ufundi

Takwimu: msihesabu watazamaji wa fainali, hata mfadhili akizipenda. Shikeni rejista na mtoe namba nne kila baada ya wiki 9. Wangapi kati ya waliojiandikisha walihudhuria angalau wiki 6 kati ya 9. Namba hiyohiyo kwa wasichana peke yao, kwa umri. Wangapi walifanya kazi isiyo ya kucheza angalau mara 3: filimbi, saa, kamati, vifaa. Na wangapi walioacha walitembelewa, na sababu waliyotoa. Aliyekosa mara mbili mfululizo atembelewe kabla ya mara ya tatu, na anayekwenda awe mwenzake wa timu pamoja na mtu mzima mmoja. Namba ya kwanza ikiwa nzuri na ya wasichana imeporomoka, rudini kwa aliyoandika Netiboli Daima kuhusu saa na njia kabla hamjabadilisha kingine.

Mpira unakufa kwa sababu tano: sindano kavu, upepo kuzidi, kukaliwa, kuachwa juani, na kupigwa kwenye ukuta wa mawe. Lowesha sindano ya pampu kwa mate au maji kabla ya kuichomeka, na iingie wima. Ikiingia kavu au kwa pembe inachana valvu, na mpira unaanza kuvuja taratibu hata ukiujaza kila siku. Sheria za mpira zinataka mgandamizo wa kuanzia 0.6 hadi 1.1 ya atmosfia. Kwenye ardhi ngumu baki karibu na 0.6, nyuzi zitadumu. Bila kipimo, bonyeza kwa dole gumba: ubonyee kidogo, usiwe mgumu kama tofali. Mipira iandikwe namba 1 hadi 8 kwa kalamu isiyofutika, na mtunza vifaa asaini inavyotoka na inavyorudi. Kundi la wadogo litumie namba 4, la wakubwa namba 5.

Netiboli_Daima

Kuhusu wazazi, msiwaahidi kwamba mtoto atakuwa mchezaji wa kulipwa. Wengi hawatakuwa, na mzazi aliyeahidiwa hivyo anamtoa mtoto mara anapoona mwingine anapangwa. Waambieni mnachoweza kukitekeleza: anaondoka saa ngapi, anarudi saa ngapi, yuko na nani, na amefanya kazi gani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za kuutumikisha mwili kila siku kwa miaka 5 hadi 17, hilo nalo linasaidia kwa mzazi anayeona michezo ni anasa.

Kipindi cha mitihani msifunge kiwanja, maana kikifungwa wiki tatu wasichana wakubwa ndio wasiorudi. Punguzeni iwe siku moja, dakika 45, mchezo tu bila pointi, na asiyefika asihesabiwe kukosa. Ratiba ya kurudi kwenye ligi, yenye tarehe na saa, ipelekwe kwa wazazi kabla mitihani haijaanza.